Mkaratusi wa Mama Mwenye Ploti

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi na mke wangu tulipanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela, upande ule wa tambarare ambako upepo wa Februari hauna kitu cha kuuzuia. Tulikuwa tumetoka Kakamega, ambako upepo hupita juu ya miti na kukuacha uendelee na shughuli zako. Hapa ulitikisa mabati mchana kutwa na kutia vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa.

Kati ya nyumba yetu na ya mama mwenye ploti kulikuwa na mkaratusi mkubwa. Mama huyo alikuwa Mmaasai, mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyeuleta mti huo kutoka Kajiado, mche mdogo ndani ya kopo la mafuta, mwaka walionunua shamba. Tulimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," naye akajibu "Iko," kisha akatuuliza habari za nyumbani kwetu kana kwamba ana ndugu huko.

Upepo ukizidi, alitoka akasimama akiutazama ule mti. Siku moja mke wangu akamuuliza kwa nini.

"Nasikiliza mzee," akasema. "Hata akiwa hai hakuwa mtu wa kunyamaza."

Basi tawi moja likakatika, likaangukia jiko lake. Hakukuwa na mtu ndani, lakini mwanawe alifika kutoka Kajiado akiwa na msumeno wa injini. Mama akajitia kati yake na mti.

"Mama, hii kitu itakuua."

"Hii si kitu. Na kama itaniua, mbona imengoja miaka yote hii?"

Kijana aliketi juu ya msumeno wake, machozi yakimlengalenga. Nilimhurumia. Nilimhurumia mama pia.

Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja Nairobi, na mhadhiri wetu alikuwa anajaribu chombo cha kupima jinsi miti inavyoyumba, ijulikane upi uko karibu kuanguka. Nikawaambia mama na mwanawe kuhusu chombo hicho. Kijana akakubali kungoja. Mama akaweka sharti moja tu: msumari usiguse mti.

Kwa hiyo tulifunga kioo kidogo kwenye shina, karibu na ardhi, kwa ukanda wa mpira wa tairi. Taa nyembamba ya leza tukaifunga kwenye nguzo ya zege ya tangi la maji. Mwanga ulipiga kioo ukarudi ndani ya sanduku tulilolipaka rangi nyeusi, ambamo kulikuwa na safu ya vipande vinavyohisi mwanga. Shina likiinama hata kidogo, doa jekundu lilihama, na vile vipande vikaandika lilikoenda. Betri ya gari ndiyo iliyoviendesha vyote.

Mama alipenda kuinama na kuchungulia sandukuni. Doa lilipanda, likashuka, likapanda.

"Anapumua," akasema.

Niliogopa kumwambia kwamba mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Mti wenye afya ukisukumwa, hurudi mahali pake. Huu, kila baada ya upepo mkali, ulirudi pungufu kidogo. Mhadhiri alikuja, akakagua nguzo na ukanda akitumaini kosa ni letu. Halikuwa letu. Mti ulikuwa unang'oka polepole, ukielekea chumba alicholala mama.

Tulimwambia mchana, chai ikiwa mezani. Sikutumia maneno ya chuoni. Nilimpeleka sandukuni nikamwonyesha alama ya chokaa mahali doa lilipoanza, na mahali lilipokuwa sasa, ingawa upepo ulikuwa umetulia.

Aliinama akachungulia, kama alivyozoea.

"Kumbe amechoka," akasema. "Fundi, ungeniambia mapema ningemwacha apumzike."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia mwanawe simu. Waliuangusha mti vipande vipande, kutoka juu, kwa kamba, na mama akashinda kwetu kutwa nzima, mgongo ukiwa dirishani. Msumeno ulipolia, mke wangu alimshika mkono. Kisiki kilipochimbuliwa tuliona mizizi ya upande mmoja imeoza na kuwa laini kama ugali. Mwanawe hakusema "niliwaambia." Alimwita mamake, akamwonyesha.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Upepo ulivuma, yeye akatoka kama kawaida, akakuta anga tupu. Mke wangu akaanza kumwita ndani saa hizo, wakichambua mboga pamoja. Ndipo alipotusimulia habari za mumewe: ugomvi wao, safari zao za minadani, jinsi alivyoimba vibaya kanisani bila haya. Alicheka hadi akajifuta macho kwa shuka.

Mwanawe alipasua mbao kutoka kwenye lile shina, akamtengenezea mama kitanda. Siku kilipoingizwa ndani alikilalia mchana kweupe, viatu vikiwa miguuni, akatufukuza sote tumwache alale.