Rejeta Niliyomsafishia Mama Mkwe

Gari kuchemka njiani ni kawaida. Lakini likichemka siku moja tu baada ya wewe mwenyewe kulisafisha rejeta, tena limembeba mama mkwe na keki ya harusi, hapo unatamani ardhi ipasuke uingie.

Hayo yalinipata mimi Wabwile, kati ya Kitale na Bungoma. Kaeni hapo niwape.

Mke wangu anaitwa Nasimiyu. Dadake mdogo, Viola, alikuwa anaolewa Bungoma Jumamosi. Baba yao alishafariki, kwa hivyo mama ndiye angemshika Viola mkono na kumwingiza kanisani. Na pasta alikuwa amesema wazi: nyuma yenu kuna harusi nyingine, mkichelewa mnapisha wenzenu.

Mama anaishi Kitale, anafanya biashara ya mahindi kwa gari lake la Probox.

Sasa, sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Humshiki mkono, hukai karibu naye, humwangalii usoni. Mkiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Mimi na mama tumeishi hivyo tangu nioe, na sikuwahi kujua kama ananiona mtu ama ananiona mzigo aliotwikwa binti yake.

Basi Ijumaa, tulipofika kwake Kitale kumchukua, ujumbe ukaja kupitia kwa Nasimiyu.

"Mama anauliza kama unaweza angalia rejeta. Gari inapanda moto."

Nikasema hapa ndipo. Leo mama atajua alipata mkwe.

Nilitoa grili, ule wavu wa mbele, na bana, niliyoyaona. Makapi ya mahindi, mabawa ya kumbikumbi, nyuzi za magunia, vyote vimeshindiliwa kati ya rejeta na kondensa ya AC iliyo mbele yake. Upepo ungepitia wapi?

Nikachukua brashi laini, nikaenda pole pole. Maji nikayapitisha kutoka upande wa injini, ili uchafu utokee ulikoingilia. Tena maji ya kawaida, sio ya presha, maana presha inavilaza vile vibati vyembamba. Vilivyokuwa vimelala nikavisimamisha kimoja kimoja kwa ncha ya kisu cha mezani.

Nilimaliza mgongo ukiwaka moto. Lakini ukimulika tochi mbele, mwanga unatokea upande wa pili.

Mama akatoka nje, akasimama mbali, akaangalia. Halafu akarudi ndani bila neno. Iliniuma, sitawaficha.

Asubuhi ya harusi nikashika usukani. Nasimiyu kando yangu, mama nyuma na keki mapajani. Kioo cha ndani nilikuwa nimekigeuza kikaangalia dari, nisije nikakutana macho na mama. Yaani mambo ya nyuma nilikuwa nayaona kwa imani tu.

Kufika Kiminini, mshale wa moto ukapanda. Nikasimama, tukangoja injini ipoe, nikaongeza maji.

Kufika Kamukuywa, mvuke huo.

"Si ulisema umesafisha?" Nasimiyu akaniuliza.

"Nilisafisha."

"Ulisafisha nini sasa?"

Mzee mmoja wa boda akasogea, akachungulia, akatingisha kichwa. "Hiyo ni gasket ya injini imeenda, bosi. Hata usijisumbue."

Simu ya Nasimiyu ikalia. Ni Viola, na sauti yake tuliisikia sote. "Mko wapi? Wale wa harusi ingine washafika."

Mama akasema kutoka nyuma, taratibu, "Nasimiyu, hebu uliza mzee wako kama tutafika."

Nilikuwa hapo hapo dirishani.

"Mwambie mama tutafika," nikasema, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Nikakagua kila kitu. Maji yapo, feni inazunguka, mkanda uko sawa. Mahali pamoja tu sikupaangalia, pale mbele kabisa, kwa sababu hapo ilikuwa kazi ya mikono yangu. Kiburi, jamani.

Mwishowe nikapiga magoti kwa lami na suti yangu, nikapenyeza vidole kwenye grili. Vikagusa kitu kama nguo.

Nikakata uzi uliokishikilia, nikavuta.

Kilikuwa kitambaa cha kochi, rangi ya damu ya mzee, kimeshonwa maua pembeni na kupigwa wanga hadi kikakakamaa. Mtu alikuwa amekifunga nyuma ya grili pembe zote, kwa ustadi. Feni ikakivuta, kikagandamana na kondensa, hewa ikakosa njia.

Nilikijua. Vile vitambaa vya mama hutoka kabatini askofu akija. Kiti changu mimi huwa hakina.

Nikaelewa. Mama aliona rejeta ilivyotakata, akahofia makapi na wadudu wataijaza tena njiani, akaifunika usiku tumelala. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Alishindwa kuniambia mimi, akaiambia gari.

"Ni nini?" Nasimiyu akaita.

Ningekiinua juu, jina langu lingesafika pale pale. Na mama angefika kwa harusi ya binti yake akijulikana kama mtu aliyekaribia kuiharibu.

Nikakisukuma ndani ya koti.

"Makapi," nikasema. "Nilibakisha makapi. Kosa ni langu."

"Aki wewe," Nasimiyu akasema, akafyonya.

Mshale haukupanda tena. Misikhu, Webuye, hadi Bungoma. Tulimkuta pasta mlangoni akiangalia saa. Mama akashuka, akamshika Viola mkono, wakaingia. Mimi nikabaki nje napangusa magoti, machozi yakinilengalenga.

Keki ilipokatwa, Nasimiyu akaniletea kipande kikubwa kwa sahani.

"Mama amesema hii ni yako. Halafu amesema kitu sielewi."

"Amesemaje?"

"Ati hiyo makapi iko kwa koti yako usitupe. Ufue, upige pasi, uje nayo Krismasi, itandikwe kwa kiti yako. Makapi gani hiyo ya kupigwa pasi?"

Kumbe mama aliniona nikikificha. Nikatazama ng'ambo ya hema. Mama alikuwa ameangalia kando, kama desturi yetu. Lakini mabega yake yalikuwa yanatingishika kwa kicheko.

Funzo langu ni hili. Gari likichemka, anza kuangalia pale ambapo una hakika pako sawa. Na kama kuna mtu anakupenda bila kukuambia, usimdai maneno. Chungulia nyuma ya grili.