Mwaka Tuliolima Kiwanja cha Shule

Maksai waliolima kiwanja cha shule walikuwa wangu. Plau ilikuwa yangu. Na neno lenyewe, kwamba kilimwe, nililisema mimi mbele ya kamati, kwa hiyo sina mtu wa kumsingizia.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Huku kwetu, nje kidogo ya Bariadi, tulizoea ushirika peke yake: mzani mmoja, karani mmoja, lori moja linalokuja siku inayojulikana. Ushirika ulikuwa unaiachia shule kitu kidogo kila msimu, na kutoka wilayani nako mara moja moja ulikuwa unaletwa mpira. Halafu tukasikia kila mwenye fedha anaweza kununua pamba. Tulifurahi, sisemi uongo, bei ilipanda. Ila shule ikasahaulika. Mnunuzi binafsi anakuja na mzani wake, anapakia, anaondoka. Ukimwuliza habari za shule anakutazama kama umemwomba mke wake.

Kamati ilikutana darasa la sita, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Walinichagua kwa sababu mume wangu alikufa akaniachia ng'ombe, na mwenye ng'ombe husikilizwa hata kama hakusoma. Mimi nilipita kisomo cha watu wazima tu.

Alisimama mwalimu wa michezo, binti aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, Kisukuma chake ni salamu ya "mwangaluka" na basi. Akainua filimbi iliyokuwa shingoni mwake.

"Wazazi wangu, ratiba inasema michezo mara mbili kwa wiki. Vifaa nilivyo navyo ni hiki kimoja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, mtoto anachunga ng'ombe kutwa nzima, unataka akimbie tena wapi? Mfundishe hesabu."

"Nusu ya darasa langu ni wasichana, baba. Wao hawachungi, wanabeba maji. Kubeba maji siyo mchezo."

Nilimpenda kwa jibu lile. Nikataka kumsaidia, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikasimama nikasema, kiwanja kile kimelala miaka mingi, ng'ombe wamekinyea miaka mingi, ni ardhi nono. Tukilime pamba mwaka mmoja. Tukiuza tununue mipira ya kweli. Maksai nitatoa.

"Na watoto watachezea wapi, mama?" mwalimu akaniuliza.

"Barabarani hapo mbele," nikamjibu. "Barabara yenyewe ina nini? Basi moja na baiskeli. Mwaka mmoja siyo maisha."

Mwenyekiti akapiga meza, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu amemaliza. Huyu mama angekuwa mwanaume tungempa kijiji."

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Tukalima. Ardhi ile ilikuwa ngumu, maksai walitoa povu, lakini mbuga, udongo wetu ule mweusi, ikishapasuliwa inapokea mbegu kama tumbo. Pamba ikasimama hadi kifuani. Kipindi cha michezo kikageuka kipindi cha palizi, darasa baada ya darasa, na baada ya palizi wanakimbilia barabarani na mpira wao wa matambara. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa darasa la nne, mama yake ameolewa mbali, nilimlea mimi. Mtoto yule miguu ilikuwa haitulii. Nikimtuma chumvi anakwenda kwa mbio na kurudi kwa mbio, chumvi nusu imemwagika.

Miezi yote ile sikuwa na wasiwasi. Nilipokuwa nasema barabara ni tupu, nilikuwa na lori la ushirika kichwani, lile la siku moja inayojulikana. Sikufikiri kwamba wanunuzi wakiongezeka wakawa watano, malori nayo ni matano, na kila moja linataka kufika kijiji cha mbele kabla ya mwenzake.

Msimu ulipofunguliwa nikayaona. Nilikuwa kwenye foleni ya mzani, nimekaa juu ya marobota yangu, malori mawili yakaja yameongozana, moja linataka kulipita jingine, vumbi limefunika nyumba. Yakapita mbele ya shule bila kupunguza. Niliacha pamba yangu pale chini nikaenda kwa miguu mpaka shuleni, na mimi si mtu wa kuacha pamba. Watoto walikuwa wamesimama kando, wanashangilia lori lililoshinda.

Nilimtafuta dereva mmoja kesho yake, alipokuwa anapakia. Nikamwambia, mwanangu, pale kwenye shule punguza mwendo. Alikuwa kijana mwenye adabu, hata kofia alivua.

"Nimekusikia, mama. Lakini nikipunguza, mwenzangu ananunua, mimi narudi na gari tupu. Tajiri ataniuliza lori limebeba nini, nimwambie limebeba adabu?"

Pamba ya shule ikauzwa vizuri. Mwalimu mkuu akaenda mjini akarudi na mipira miwili ya miguu na mmoja wa pete, ya ngozi, inanuka upya. Watoto waliipokea kwa vigelegele. Siku ile ningepaswa kufurahi. Nikauona mpira wa ngozi ukidundishwa barabarani mara ya kwanza, nikaufuata kwa macho. Mpira wa matambara ukianguka, unakaa pale ulipoanguka. Huu unaruka, unadunda, halafu barabara ile ina mteremko kuelekea kwenye kona, nao unateremka, na mtoto nyuma yake, macho yote kwenye mpira. Tulikuwa tumenunua kitu cha kuwapeleka watoto wetu kwenye kona.

Nikamwambia mwalimu wa michezo aifungie ofisini. Akaifungia. Alikuwa na hofu kama mimi, alishaacha kupuliza filimbi mara kwa mara kwa kuogopa kuwashtua watoto wakiwa katikati ya barabara. Basi watoto wakaenda kumlilia mwalimu mkuu, naye akasema mipira imenunuliwa kwa jasho lao, haiwezi kukaa kabatini. Ikatolewa.

Ilikuwa siku ya nne tangu itolewe. Nilikuwa napepeta mtama nyumbani, nikasikia honi ndefu, halafu kimya. Sijui nilivyofika. Lori lilikuwa limesimama pembeni, limeinama. Mpira wa pete ulikuwa umelala katikati ya barabara, umepasuka. Mjukuu wangu alikuwa mtaroni, goti limechunika hadi nyama nyeupe, analia. Nilimpapasa kichwa, mbavu, miguu. Mzima. Nikauliza analia nini.

"Mpira wetu, bibi. Angalia mpira wetu."

Nilimpiga kofi. Mbele ya mwalimu, mbele ya dereva. Halafu nikambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mpaka nyumbani.

Kamati ilipokutana tena, mabua ya pamba yalikuwa yameshang'olewa na kuchomwa, kiwanja ni mabonge meusi na nyufa za kumeza mguu. Mwenyekiti alikuwa na furaha. Akasema mwaka wa kwanza umeleta mipira, mwaka wa pili ulete jezi, wa tatu ulete mbao za magoli. Shule yetu itakuwa ya mfano.

Nikasimama. "Magoli mtayasimika wapi?"

"Tutaona, mayu."

"Mwaka jana nilisema neno baya hapa. Nimekuja kulitoa."

Akacheka. "Neno likishatoka si mate, huwezi kulimeza. Si wewe uliyetoa maksai?"

"Nilitoa. Sasa nawanyima."

"Maksai wapo wengi kijiji hiki, mama."

Hilo lilikuwa kweli na kila mtu alilijua. Mwalimu mkuu akasema kwa upole kwamba hata tukiacha kulima, pale hapachezeki tena, mtoto atavunjika mguu. Kusawazisha kunataka mashine, na mashine ni fedha. Nikawaambia siwezi kusawazisha kiwanja kizima. Lakini mwanamke yeyote wa huku anajua kutengeneza uwanja wa kupuria mtama, mgumu hata punje haizami. Nipeni kona ya kiwanja iliyo karibu na madarasa, ukubwa wa mchezo wa pete. Mwenyekiti akawatazama wenzake.

"Sawa. Mvua ya kwanza ya kupandia ikinyesha, mimi naleta plau. Nikikuta uwanja, nitaupita. Nikikuta mabonge, nitalima."

Nikakubali. Sikuwa na jingine.

Nilianza na ng'ombe wangu. Nikawazungusha pale kila asubuhi wakiwa hawajala wala kunywa, ardhi nayo kavu, mpaka mabonge yakawa unga. Halafu wanawake wakaja, kumi na kitu, wengine walikuja kwa sababu ya watoto wao na wengine kuona kama nitashindwa. Udongo wa kichuguu tulibeba kwa karai. Maji tulichota kwenye mashimo ya mtoni, mbali, kiangazi kile mashimo yalikuwa yanatoa ndoo moja na kungoja. Tunamwaga udongo, tunanyunyiza maji, tunaponda kwa magogo, tunasiriba kwa mavi ya ng'ombe mabichi, tunaacha pakauke. Pakipasuka tunarudia. Na palipasuka. Mbuga ilikuwa inavuta chini kwa chini, upande wa mashariki ulifunguka mara tatu.

Mwalimu wa michezo alikuja siku ya kwanza na viatu. Siku ya pili alikuja peku. Mmoja wetu akamwambia, "Mwalimu, kwenu mnatumia simenti?" Naye akasema, "Kwetu tunatumia wanaume." Tukacheka mpaka tukaweka magogo chini. Ni siku pekee niliyocheka mwezi ule.

Maana kila alasiri tuko pale tunaponda, upande wa pili wa madarasa watoto wako barabarani. Mwalimu aliweka mtoto mmoja kwenye kona ya barabara apige kelele gari likija, lakini nani amewahi kumwamini mtoto asisahau? Nilikuwa naponda sikio likiwa barabarani. Wenzangu wakiimba nawaambia wanyamaze. Mmoja akaniambia, "Mama, hata upepo unakushtua." Nikamwambia aponde.

Na mawingu yakaanza kukusanyika. Nilikuwa nayachukia, mimi mkulima, naomba mvua ichelewe. Sikumwambia mtu.

Ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi nikafika shuleni nikamkuta mwenyekiti ameshafunga maksai wake, vijana wawili na plau, wanakata mtaro wa kwanza upande wa mbali. Walikuja, wakaenda, wakarudi, kila mara karibu zaidi. Sikumsalimia. Nilikuwa nimesimama kwenye kona yangu natazama chini. Upande wa mashariki ulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Niliukanyaga kwa mguu wangu ili asiuone.

Alipofika akasimamisha maksai. Akavua kiatu, akaupiga uwanja kwa kisigino, mara moja, mara mbili. Maji ya mvua yalikuwa yamekaa juu, hayakunywewa.

"Umetengeneza sahani," akasema.

"Sogea."

"Mayu, ninakusifu."

"Nimesikia. Sogeza plau hatua kumi nyuma. Ukilima karibu hivi, maji ya mitaro yako yataingia chini ya uwanja wangu yaupasue."

Akanitazama, akatazama mguu wangu ambao haukuondoka pale. Nadhani aliuona ufa. Akawageuza maksai. Hakusogea hatua kumi, alisogea saba, nilihesabu.

Jumatatu mwalimu alipuliza filimbi, akawaleta watoto wote kwenye ile kona, wavulana na wasichana, darasa moja linacheza na mengine yamekaa pembeni yanangoja zamu na kulalamika. Wavulana walisema pale hapatoshi mpira wa miguu, na kweli hapatoshi. Akawaambia atakayeonekana barabarani hatagusa mpira mpaka Krismasi. Nilikaa ukutani mwa darasa, nimeegemeza fimbo yangu kando, nikahesabu vichwa, nikahesabu tena. Mjukuu wangu alikuwepo, goti limeacha alama nyeusi, anarukia mpira wa miguu kama ni wa pete kwa sababu wa pete hatukuwa nao tena.

Ndipo nikasikia lori, la mwisho wa msimu, linakimbia kabla matope hayajazidi. Lilipita na mngurumo wake mpaka kwenye kona, likapotea. Watoto hata hawakugeuka. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshafika nusu ya njia ya kwenda barabarani, na fimbo yangu nimeiacha ukutani.