Stuli Niliyoing'ang'ania Mikumi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ambayo stuli ya mbao nusura ivunje ndoa ya kaka yangu, na aliyekuwa ameikalia ni mimi. Usicheke. Juzi nimekuona unavyopiga gitaa, umejikunja kitandani, mkanda wake wa begani umeutupa pembeni kama hauna kazi. Nilishtuka mpaka nikaacha kuchambua mchele. Nikasema, huyu anapita palepale nilipopita mimi, na mimi nipo, nina mdomo, nanyamazia nini?

Wakati huo nilikuwa msichana, tunaishi Malolo, na kwaya yetu ilikuwa na gitaa moja tu. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha. Nilijifunza nimekaa, gitaa limetulia juu ya paja, kichwa nimekiinamisha nione vidole vinakwenda wapi. Na vidole vilikuwa vyepesi, wacha nijisifu kidogo, maana walionisifu wengi wao wamekwisha kufa. Baba mdogo alikuwa haachi kuniambia, "Vaa mkanda hata ukiwa umekaa. Ufupishe. Halafu inuka, upige wimbo uleule." Mimi nikaona ananichosha. Nikisimama gitaa lilishuka mapajani, kiganja kikajipinda, vidole vikapotea, nikarudi kukaa haraka. Nikajiambia, kwani kuna siku nitakosa pa kukaa? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjikia Mikumi.

Kaka yangu Damasi alikuwa amepata mchumba, binti wa Msowero. Mama yake binti alifariki mapema, akalelewa na bibi yake. Bibi huyo ndiye aliyekuwa mama, ndiye baba, ndiye kila kitu. Harusi ikafanyika Mikumi, kaka alikokuwa anafanya kazi, kwenye turubai kando ya barabara kuu, malori yanapita yanatupigia honi. Viti vilikuwa vya plastiki, vile vyenye mikono. Sasa kiti chenye mikono kinamsumbua mpiga gitaa, kiwiko hakina pa kwenda. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba stuli yangu kutoka nyumbani, nikaiweka mbele ya kwaya, nikakaa na kujitanua. Wanakwaya wote wamesimama, mimi nimekaa.

Tukaanza wimbo wa kumpokea bibi harusi. Tuko ubeti wa kwanza, akaingia bibi kizee mwembamba, miguu imejaa vumbi. Basi alilopanda lilikuwa limeharibika njiani. Bibi harusi alikuwa mlangoni pa turubai anasubiri kuingia, na alipomwona akaita, "Bibi!" huku machozi yanamtoka. Basi nikajua kabisa huyu ni nani. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua.

Viti vimejaa. Mstari wa mbele wote ni wazee wenzake, na vijana waliokaa walikuwa nyuma huko hawamwoni. Bibi akasogea mpaka hatua mbili kutoka nilipo, akashika mlingoti wa turubai, akasimama. Kijana aliyekaa mbele yake ni mimi peke yangu.

Mwanangu, nilimwona. Moyo ukaniambia inuka. Kichwa kikaniambia ukiinuka wimbo umekufa, utaaibika mbele ya wageni wa mabasi mawili. Nikainamia vidole vyangu, nikajifanya nimezama kwenye muziki. Nikapiga ubeti wa pili. Nikapiga na wa tatu! Mpaka leo sijui roho ile ngumu niliitoa wapi.

"Nyamazeni!"

Alikuwa mjomba wa binti. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Akaninyooshea kidole. "Huyu aliyekaa mama yetu akiwa amesimama, ni nani?"

Mtu mmoja akajibu kwa sauti ndogo, "Ni dada wa bwana harusi."

"Wifi!" Akacheka kicheko kikavu. "Jamani, mmeona? Hii ni siku ya kwanza, watu wote wanatazama, wifi anafanya hivi. Siku tukiwa hatupo atamfanya nini mtoto wetu? Binti haingii humu. Geuzeni gari."

Hee! Nilisikia baridi mwili mzima, na Mikumi unaijua kwa joto. Bibi harusi akajishika mdomo. Kaka Damasi akanigeukia, akanikazia macho, na afadhali angenipiga kofi. Mama yetu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake jipya.

Nikainuka, nikautupia mkanda begani. Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Mwanangu, umewahi kunyimwa marahaba? Mimi sikuwa nimewahi. Nilikuwa sijui hata kama inawezekana. Watu wote wanasubiri, mimi nimepiga goti, gitaa linaning'inia, na neno lenyewe haliji.

Mwisho bibi akaniuliza, "Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona, bibi."

"Mbona hukuinuka?"

Uongo ulikuwepo tayari mdomoni, nikaumeza. "Siwezi kupiga nikisimama. Sijui."

Bibi akaikalia ile stuli, akapangusa miguu yake, akasema, "Basi simama upige. Nataka kusikia."

Nikapiga. Loo! Mkanda mrefu, gitaa liko magotini, mkono wa kushoto mara unashika shingo ya gitaa lisianguke, mara unatafuta nyuzi. Nilipiga vibaya hata mbwa wa jirani angeondoka. Kwaya ikajaribu kunifuata, ikashindwa, ikaimba yenyewe. Nililia huku napiga, na sikuthubutu kuacha.

Wimbo ulipoisha bibi akasema, "Kumbe kweli hujui!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akamgeukia mjomba. "Mwache. Nilidhani ni jeuri, kumbe ni mjinga tu. Mjinga hufundishika. Mleteni mjukuu wangu aingie." Ndipo akanishika kichwa, akasema, "Marahaba."

Binti akaingia, harusi ikaendelea. Wifi yangu yule tunaelewana sana, ila kila nikienda kwake huniuliza kama nimekuja na stuli.

Sasa nisikilize. Ukikaa kupiga, vaa mkanda. Ufupishe mpaka gitaa likae juu ya kitovu. Kisha inuka. Likibaki palepale umepatia, likishuka fupisha tena. Hao vijana wenu wanaoliteremsha magotini wapate kupendeza, waache na viganja vyao. Kila wimbo upige mara mbili, umekaa na umesimama, na usivitazame vidole. Maana kiti, mwanangu, tunaazimwa tu, na mwenye haki nacho zaidi anaweza kuingia wakati wowote. Mzee akiingia, inuka kwanza. Wimbo ukiharibika utapigwa tena kesho. Mzee aliyeachwa amesimama, hiyo kesho yake huna uhakika nayo. Na ukikosea, sema ukweli upesi, hata kama unakuaibisha. Ukweli ndio ulioniokoa siku ile, maana muziki ulikuwa umeshanitupa.

Haya, inuka nikuone. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mikono isiyochoka na miguu yenye nguvu, na popote utakapoitwa kupiga, mkubwa na mdogo wafurahi kuwa ulikuja. Amina.