Siku Mwalimu Hilda Alipoangusha Turubai

Hilda alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, na alipostaafu akaanza kuchoma ndafu. Kwa Wachagga sherehe bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa anayekatwa mbele ya wageni kama keki, ni kikao tu cha kawaida. Kwa hiyo kila Jumamosi mama huyu wa Soweto, Moshi mjini, alikuwa barabarani na mbuzi wake, mara Marangu, mara Machame, mara Uru. Alimbeba kwa pikapu kuukuu ambayo ukitaka kuirudisha nyuma lazima ugeuze shingo kama bundi.

Mwaka jana pikapu iligoma kabisa. Akanunua gari dogo lililotumika Japani, na kwenye bampa ya nyuma lilikuwa na vidude vinne vya duara kama vifungo vya koti. Akirudi nyuma na kukaribia kitu, ndani panalia pi, pi, pi. Akikaribia zaidi, pipipi. Akikaribia mno, panalia mfululizo bila kupumua.

"Shingo yangu nayo imestaafu," aliwaambia majirani.

Alilipeleka Njoro kwa Primus, fundi umeme wa magari, ambaye Hilda aliwahi kumfundisha darasa la tano. Primus alimwamkia, akachuchumaa nyuma ya gari, akavifuta vile vidude kwa kidole.

"Mwalimu, hizi sensa si macho," alisema. "Zinatoa sauti ambayo sisi hatuisikii. Ikigonga kitu inarudi, ndiyo zinajua kuna kitu. Kitu chembamba sauti inakipita. Nguo inaimeza. Shimo halirudishi chochote. Na zikishika tope, ndiyo basi tena."

"Primus, mimi nilikufundisha kuzidisha, leo unanifundisha kurudi nyuma?"

Wakacheka wote wawili. Hilda akaondoka bila kushika hata neno moja.

Wiki mbili baadaye alikuwa na kazi Kibosho. Mjukuu wa mzee Remigius alikuwa amepata kipaimara, na ukoo mzima ulikusanyika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya kupandia ilikuwa tope jekundu tupu. Hilda alipofika, uwanja ulikuwa mwembamba, migomba upande huu, kahawa upande ule, na katikati turubai kubwa la bluu na nyeupe lililofungwa kwa kamba kwenye vigingi. Alitaka kusogeza mgongo wa gari karibu na meza kuu, ndafu ishuke bila kubebwa mbali.

Mama wa nyumba hiyo, Priska, alimkimbilia. "Mwalimu, subiri nikuangalizie nyuma."

"Usihangaike, mama. Gari hili linaniambia lenyewe."

Akaingiza rivasi. Gari halikusema kitu. Akaendelea. Bado kimya, na yeye akauchukua ule ukimya kuwa ruhusa. Akasikia kishindo kidogo, kisha watu wakipiga ukelele. Bampa ilikuwa imenasa kamba na kung'oa vigingi viwili. Nguzo ya mbele ikayumba, na turubai likashuka taratibu, kama mtu anayepiga magoti kanisani, likawafunika wageni wa meza kuu pamoja na mshereheshaji.

Kipaza sauti hakikuzimika. Chini ya turubai mshereheshaji akasikika: "Wageni waalikwa, tunaomba utulivu. Giza limeingia mapema kidogo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Remigius akatokea pembeni akitambaa, kofia imekaa upande, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, haijamwagika hata tone. Hilda alikuwa ameshashuka.

"Shikamoo, baba. Nisamehe sana."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi yuko salama?"

"Yuko salama, baba."

"Basi hapa hakuna msiba."

Wanaume walilisimamisha turubai tena kabla ya sala ya chakula, na hakuna aliyeumia. Lakini Hilda hakucheka. Aliinama kutazama bampa, akakuta vile vidude vimezibwa kwa tope kama vimepigwa lipu. Hatua mbili kutoka pale gari liliposimama kulikuwa na vigoda vitatu na maganda ya ndizi. Priska alimwambia kina mama walikuwa wameketi hapo wakimenya, wameinuka muda si mrefu.

Jumatatu, bila kumwambia mtu sababu, alimwita jirani yake Ebenezeri, mzee aliyewahi kuongoza watalii mlimani, aje na futi ya kupimia. Kwanza akaziosha sensa. Kisha akaanza kuweka vitu nyuma ya gari kimoja kimoja, naye akirudi nyuma polepole huku Ebenezeri akipima. Ndoo ilisikika zaidi ya mita moja. Mpini wa fagio haukusikika mpaka ulipokaribia kuguswa. Kamba, kimya. Blanketi lililoanikwa, mara linasikika, mara hapana. Mfereji wa maji, kimya kabisa.

Mwisho aliweka kigoda. Sensa zilikisikia kwa mbali, pi, pi, lakini alipokikaribia zikanyamaza, kana kwamba kimeondoka.

"Simama!" Ebenezeri alipaza sauti. "Kipo! Kiko chini ya sensa, hazikioni!"

Hilda akazima gari. "Kumbe Primus alikuwa anafundisha," alisema, "na mimi nilikuwa mtoro." Jioni hiyo alimpigia simu fundi wake, akamwomba radhi. Primus alicheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo, kabla ya kurudi nyuma, Hilda hushuka na kuzunguka gari. Hufuta bampa kwa kitambaa, hasa siku za mvua. Anamwomba mtu mzima asimame pembeni, mahali anapoweza kumwona kwenye kioo, na asipomwona tena hukanyaga breki hata kama gari liko kimya. Sensa zikilia mfululizo anasimama, habishani nazo. Wengine wanamwona mwoga. Anawajibu kwamba zile kengele anazipenda sana, ila hazijui kila kitu.

Mwezi uliopita alikuwa na kazi ya harusi Rau. Alishuka kama kawaida, akapita nyuma, na mguu wake ukazama kwenye mfereji uliofunikwa na majani mabichi. Viatu vililowa chapachapa. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akamkimbilia na kandambili.

"Pole, mwanangu! Umeumia?"

"Sijaumia, bibi," Hilda alijibu akicheka kwa furaha ya kweli. "Afadhali mguu kuliko gari."

Akaegesha mbali kidogo, akaomba vijana wanne wabebe ndafu, akaifuata nyuma kwa kandambili za kuazima huku kina mama wakipiga vigelegele.