Tuba la Fidencio

Mwaka huo kijiji cha Yatuni, huko juu kwenye milima ya Oaxaca, kilibaki na bendi isiyotosha hata kusindikiza jeneza. Mahindi ya mlimani yalikuwa hayalishi tena nyumba, na vijana wote walishavuka mpaka kwenda kaskazini kuchuma nyanya. Fidencio, mpiga tuba, naye akaenda. Alimwachia mkewe Otilia mbuzi, shamba la mteremkoni, na tuba lake, lile tarumbeta nene la kujivika begani, likining'inia kwenye ukuta wa jikoni.

Sasa sikia balaa. Kule milimani vijiji havikodi bendi, vinapigiana muziki kwa zamu. Bendi ya Lachiyela ilikuja kupiga kwenye sikukuu ya mtakatifu wa Yatuni, ikala, ikalala, ikaondoka. Ikifika sikukuu yao, Yatuni nao lazima waende. Wasipokwenda wamekwisha: hakuna bendi itakayokanyaga kwao tena, na sikukuu bila bendi ni misa na usingizi tu.

Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Crisóforo, kiongozi wa bendi, alisimama kofia mkononi. "Tuwaombe radhi tu, jamani. Bila tuba tutakwenda kuchekesha watu."

"Tuba lipo," akasema Otilia kutoka nyuma.

"Shemeji, tuba lipo, mpigaji je?"

"Mpigaji ndiye huyu anayesema."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Sasa huko jikoni atapika nani?"

"Wewe hiyo mikono unayo ya kupigia makofi tu?" Otilia akamrudishia. Kicheko kikamgeukia yule bwana, na alistahili.

Wala hakuwa anajitapa bure. Miaka yote Fidencio alifanyia mazoezi jikoni humo humo, mkewe akiwa anakanda unga wa chapati za mahindi, na kila sauti ilimwingia. Crisóforo alimwonyesha tu pa kuweka vidole. Nyimbo alikuwa nazo kichwani. Midomo ikavimba, mbuzi wakatimka, majirani wakamlilia Mungu. Kufika mavuno, lile dude lilikuwa linamtii.

Isipokuwa kitu kimoja. Katikati ya wimbo wa maandamano, kila mara, Otilia alinyamaza kidogo, kisha akaendelea.

"Shemeji, hapo hapana kituo," akasema Crisóforo.

"Kipo! Fidencio alinyamaza hapo hapo miaka yote."

"Fidencio alikuwa anapiga funda la pombe!"

Otilia akashusha tuba. Kumbe! Akajaribu kukiondoa kile kituo, wapi! Wimbo ulishamkaa mwilini, na funda la mumewe ndani yake.

Siku ilipofika wakashuka Lachiyela kwa miguu, wazee wachache na mwanamke mmoja aliyebeba dude kubwa kuliko yeye. Wenyeji waliojipanga mbele ya kanisa waliwatazama, kisha wakatazama nyuma yao, wakiwangoja wengine. Hakukuwa na wengine. Otilia aliona uso wa Crisóforo unavyoshuka kwa aibu, na roho ikamuuma.

"Anzisha, mzee," akamwambia. "Wamekuja kutusikiliza au kutuhesabu?"

Wakapiga ule wimbo wa maandamano. Tarumbeta zilikuwa chache, lakini tuba liliwabeba, na miguu ya watu ikaanza kutikisika. Kufika pale katikati, tuba kimya. Otilia akafumba macho. Basi, ameharibu.

"Afya, Fidencio!" akapaza mtu.

"Afya!" uwanja mzima ukaitikia, kama walivyoitikia kila mara mumewe alipoinua kikombe kwenye kituo hicho. Watu wakacheka, na wengine wakafuta macho, maana ni nyumba gani hapo isiyokuwa na mtu wake kaskazini? Machozi yakamtoka Otilia huku anapuliza, na hakukosea tena.

Wimbo ulipokwisha, kiongozi wa bendi ya Lachiyela akaja na kikombe cha pombe. "Yatuni imefika," akatangaza kwa sauti. "Mwakani tunapanda kwenu." Kisha akainama, akasema polepole, "Ila mama, hatujui tutakujaje. Na sisi mpiga tuba wetu kaondoka."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Basi tuba mnalo na mpigaji mnaye."

Uwanja ukapiga kelele urudiwe wimbo ule ule. Otilia akajivika dude lake upya, akamwomba Crisóforo amshikie kile kikombe karibu. Na safari hii, walipofika kwenye kituo, alikunywa.