Kome na Mtungi Uliojaa

Kila ninaposikia harufu ya kome wakichemka, hasira hunipanda upya. Mimi ni mtoto wa Ugogo niliyejisomesha mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya mapishi. Nimepika katika hoteli kubwa, nimefundisha wapishi, kisha nimerudi Dodoma na kujenga nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Hayo yote nimeyapata. Kome wa siku ile sikuwapata.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa kibarua wa reli, akapelekwa Dar es Salaam kupakua mataruma ya kulazia reli, nami, binti wa miaka kumi, nikafuatana naye. Tulikaa kwa Bi Zena, mke wa nahodha wa mashua, ambaye hakuwa na mtoto. Safari yetu ya kurudi ilipokaribia, aliniambia, "Kesho tunakwenda kuokota kome kisiwani. Utapika wewe, mwanangu. Ukimridhisha mume wangu, nitamwomba baba yako akuache kwangu." Sikutaka kitu kingine duniani.

Asubuhi tulitweka tanga, sisi wanne. Maji yalipokupwa tukashuka miambani, tukabandua kome kwa visu mpaka vidole vikachubuka. Tuliporudi chomboni Bi Zena akaniwashia moto kwenye sanduku la mchanga lenye mafiga, akaenda kumsaidia mumewe kamba za tanga. Kando yangu ulisimama mtungi wa maji matamu, umejaa pomoni.

Hapo ndipo Ugogo uliponiponza. Kwetu maji tuliyafukua kwenye mchanga wa korongo, tukangoja kata moja ijae. Chumvi tuliikwangua ardhini na mama, tukaichuja na kuichemsha siku nzima. Sasa nimezungukwa na maji yasiyo na mwisho, yaliyokwisha kutiwa chumvi, bure! Nani mwenye akili angegusa mtungi? Nikachota baharini. Nikapika wali, nikapika kome, nikauacha mchuzi upungue uwe mzito. Sikuonja, maana kwetu viumbe vya majini havikuliwa, nikasubiri wakubwa waanze.

Nahodha alitia tonge la kwanza, akalitema. "Zena! Huyu katupikia bahari yenyewe!"

"Mtungi si huu hapa, mwanangu? Maji nilikuwekea ya nini?"

"Nimeyatunza, Bibi. Sikumwaga hata tone."

Nahodha akacheka mpaka usukani ukamponyoka. "Mrudishe kwao akatunze huko!"

Baba, ambaye kwake samaki na nyoka walikuwa mamoja, alikula sahani yake yote, macho chini. Kisha akanywa maji, akanywa tena. Wote tukanywa kwa kiu ile ya chumvi, na mtungi ukaisha kabla ya kufika bandarini. Kome wengine wakamwagwa. Bi Zena hakumwomba Baba lolote. Kesho yake nilikuwa ndani ya gari la moshi.

Leo jikoni kwangu kuna bomba. Juzi nililetewa kome kutoka pwani, nikamwita mdogo wangu aje aone kazi ya mwenye stashahada. Nikapima maji kwa kata, nikarudisha nusu ndooni.

"Mama Mkubwa, ongeza, bomba si hilo?" akasema binti yake.

"Utanifundisha mimi kupika?"

Kome wakashika chini ya sufuria, weusi. Mdogo wangu aliisogeza sahani taratibu, akaomba chai. Niliinuka na stashahada yangu, nikaweka kikombe chini ya bomba lililokuwa likidondoka, lisipotee hata tone.