Mfuko wa Salfa Juu ya Chombo cha Radoni, Newala

Niliondoka Masasi kwa sababu ya mstari ulionyooka kwenye grafu. Kituo chetu kina chombo Newala, shambani kwa Mama Zuhura, kinachopima radoni, gesi ya mionzi ya asili inayotoka udongoni kwa kasi isiyobadilika sana. Hewa ikitulia alfajiri, radoni hujikusanya chini. Jua likipanda, hutawanyika. Hivyo hutuonyesha hewa inavyochanganyika, tukakadiria hewa ukaa inayotoka kwenye udongo na mikorosho. Lakini mstari wa Newala haukupanda wala kushuka tangu jioni hadi asubuhi. Mkuu wangu aliniambia nisipopata ubovu, nirudi na chombo.

Saa nne asubuhi basi lilimaliza kupanda mwinuko. Mama Zuhura alikuwa anapalilia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kumwona mgonjwa wako?”

Mchana kutwa nilikagua pampu na nyaya. Vyote vizima.

Jioni, jua likizama, nilimwona akiufunika mdomo wa bomba la kuingizia hewa kwenye chombo kwa mfuko mtupu wa salfa na kuukaza kwa kamba.

“Mama, mbona unaliziba?”

“Baba Hamisi hapo jirani hupulizia mikorosho alfajiri, na hasemi siku. Unga wa salfa ukiingia humu, utasema nani kakuharibia?”

“Kwa hiyo unaziba kila jioni hadi asubuhi?”

“Sasa nitajuaje siku yake? Mimi mganga?”

Mstari ulinyooka kwa sababu hewa ya nje haikuingia usiku kucha. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hupulizwa hewa ikiwa imetulia, saa ileile tunayoitaka sisi. Tulikwenda wote kwa Baba Hamisi. Alicheka.

“Miaka yote tunapulizana vumbi, leo ndiyo naombwa taarifa?”

Lakini alikubali kutuma neno siku moja kabla. Mama Zuhura ataziba asubuhi hizo tu, na kuandika saa.

Alfajiri bomba lilikuwa wazi. Tarakimu zilipanda.

“Hiyo mionzi haitudhuru?” aliuliza Mama Zuhura.

“Huku nje ni kidogo. Subiri jua.”

Kufika saa tatu tarakimu zilikuwa zimeshuka.

“Ndivyo salfa inavyofanya,” alisema. “Alfajiri inalala chini ya miti. Jua likitoka, huioni tena.”

Mchana niliteremka kurudi Masasi mikono mitupu. Chombo kimebaki Newala. Siku nzima nilifungua skrubu bila kumuuliza anayeishi nacho. Safari ijayo nitaanza kwa kumuuliza yeye.